Nyigu Kwenye Matundu ya Friji

Wazee wawili wa kigeni, mtu na mkewe, waliokuwa wakichimba visima huku kwetu Kisanga, waliacha gari lao la kulala uani kwetu. Mzee aliugua ghafla wakarudi kwao. Ni gari lenye kitanda, jiko na friji ya gesi. Baadaye yule mke akanipigia simu. "Itumie friji, isikae bure," akasema. Mimi ndiye ninayechanja kuku wa kijiji, na umeme wetu si wa kutegemea, nikahamishia humo chanjo ya mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku.

Nyuma ya friji ile kuna kimoto kidogo, na kimoto hicho ndicho kinacholeta baridi. Mume wangu alijaribu kunieleza mara mbili. Mara ya pili akaishia kusema hata yeye haelewi vizuri.

Miezi ya kwanza moto uliwaka bluu, chanjo ikakaa vizuri. Kisha asubuhi moja nikaukuta umezimika. Nikauwasha, ukawaka wa njano, ukatapatapa, ukafa. Nikawasha tena, ikawa vilevile.

"Gesi hiyo wameichanganya," mume wangu akasema. Akaufunga mtungi kwenye pikipiki, akaupeleka mpaka Mikumi kwa muuzaji, wakabishana mbele ya wateja. Muuzaji akaufunga mtungi kwenye jiko lake, akawasha, moto ukawa bluu safi. Mume wangu alirudi, akautua mtungi mlangoni na kwenda kupalilia.

Nikampigia fundi friji wa Mikumi. Alipofika hakuingia hata ndani. Alizunguka ubavuni mwa gari, akang'oa vifuniko viwili vya plastiki vyenye matundu, cha chini na cha juu, akaingiza bisibisi. Ukadondoka udongo mkavu.

"Mama, nani anaweka udongo humu?"

"Hakuna mtu."

Akauvunja kiganjani. Ndani mlikuwa na vijumba vyembamba kama vidole, na buibui waliokaushwa. "Nyigu," akasema. "Na kwenye bomba la gesi kuna utando wa buibui." Akasafisha kila kitu, moto ukarudi bluu. Alipokuwa anaondoka aliniambia niwazibie wadudu njia. Sikumuuliza kwa kitu gani. Niliona ni jambo dogo.

Nikachukua chandarua kuukuu, nikakikunja mara nne, nikakishona kwa uzi mgumu juu ya matundu yote mawili. Hata sisimizi asingepita. Nikaagiza chanjo mpya, nikawatangazia akina mama waje Jumamosi.

Alhamisi nilifungua friji nikakuta joto. Nikachungulia moto: unawaka, tena bluu. Nikafunga mlango, nikasubiri, nikafungua tena. Joto. Safari hii nyigu hawakuwepo, gesi ilikuwepo, moto ulikuwepo. Nilizitoa zile chupa nikazitazama kwenye mwanga. Zilikuwa kama nilivyozileta. Chanjo iliyokufa haibadiliki rangi, wala hainuki. Nikazirudisha, halafu nikazitoa tena, sijui nilitegemea kuona nini.

Nilimpigia fundi mpaka Ijumaa jioni, simu haipatikani.

Jumamosi akina mama wakaja na kuku wao kwenye matenga. Mbele alikuwa mama mmoja mzee wa Kisukuma, ambaye kwake ni mbali, ng'ambo ya mashamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja na wote."

Nikawaambia ukweli kwamba friji ilipata joto.

"Kwa hiyo dawa imeharibika?" akauliza.

"Sijui, mama."

"Basi haijaharibika."

"Hilo nalo sijui."

Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalize sentensi. Nikazimwaga chupa zote shimoni mbele yao. Wengine walinung'unika. Yeye alijitwika tenga lake akaondoka, na mimi nikabaki nimesimama, nikijiuliza kama nimemwaga dawa iliyokuwa bado nzuri.

Mchana fundi akapatikana, nikamweleza.

"Umeziba kwa kitu gani, mama?"

"Chandarua."

"Umekikunja?"

"Mara nne."

"Friji hiyo inavuta hewa chini, inatoa joto juu. Wewe umeiziba pumzi. Tena ni hatari, ule moto ungeweza kukishika kitambaa. Weka wavu wa chuma wa madirishani, tabaka moja tu, na uwe unausafisha."

Tulikifumua chandarua saa hiyohiyo. Mume wangu akakata wavu, akaukaza kwa skrubu ndani ya vile vifuniko. Kesho yake asubuhi friji ilikuwa ya baridi. Nyigu walikuja wakatembea juu ya wavu, wakaenda zao.

Chanjo nyingine ilichelewa. Ilipofika, yule mama mzee wa Kisukuma alirudi na tenga lile lile, kuku wakiwa nusu.

"Wengine wamekufa," akasema.

"Kwa mdondo?"

"Utajuaje? Walianza kusinzia tu."

Mpaka leo sijui kama kuku wale wangepona kwa zile chupa nilizomwaga, au wangekufa vilevile. Siku ile yeye alimshika kuku wa kwanza akamwinamisha kichwa, nami nikadondosha tone la chanjo jichoni. Akamweka pembeni, akamchukua wa pili.