Lori la Mafuta ya Pamba

Mwaka 1977, dizeli ilipoadimika Jinja, watu walikumbuka kwamba Mungu aliwapa miguu. Lakini Alfayo, fundi wa malori wa Walukuba, asingeweza kwenda Mbale kwa miguu akiwa na ng'ombe wanne na shangazi yake Orpah mwenye magoti mabovu. Walikuwa wakienda kumposa Nabalayo, huko Nabuyonga, na walikuwa wamekwisha kuahirisha mara mbili. Sasa Mzee Mugweri, baba wa binti, alituma salamu zisizo na sukari: Jumamosi hii, au namwoza karani wa Tororo.

Maskini Alfayo! Alimpenda Nabalayo hadi akawa anakaza bolti huku akicheka peke yake. Safari ilitaka madebe matatu ya dizeli, naye alikuwa nayo mawili. La tatu akalijaza mafuta ya mbegu za pamba, yale meusi ambayo hata wapika sabuni huyakunjia uso. Aliyaanika juani yawe mepesi, akayachuja kwa kitambaa, akayachanganya na dizeli, kisha Ijumaa asubuhi akalijaribu lori aliloazima.

Lori lilikohoa, likatoa moshi mweupe, na kwenye kilima cha Mafubira likagoma kabisa.

"Mwana wa kaka," alisema Orpah aliyeketi kando yake, "tutamposa mtoto wa watu kwa barua?"

Alfayo alikuwa akimkumbuka Tarlochan, Kalasinga aliyemfundisha kazi kabla ya Wahindi kufukuzwa nchini. Tarlochan alizoea kusema kwamba mafuta mazito huchelewa kushika moto, basi yaingize mapema, usiyangoje. Alfayo akalegeza bolti za pampu ya dizeli, akaizungusha pampu kidogo kinyume cha mzunguko wa mhimili wake, ili nozeli zinyunyize mafuta ndani ya injini kabla ya wakati uliozoeleka. Alizidisha, injini ikagonga kama nyundo ya fundi bati. Akairudisha unywele mmoja. Moshi ukapungua, lori likapanda kilima, si kwa mbio, lakini likapanda. Alfayo alipiga kelele za furaha mpaka ng'ombe mmoja wa jirani akakata kamba.

Jumamosi walipofika kwenye kizuizi karibu na Tororo, askari alinusa harufu ya kukaanga, akauliza kwa Kiswahili chake cha kambini.

"We bwana, nabeba mandazi wapi?"

"Hakuna mandazi, afande. Ni injini nakula mafuta ya pamba."

Askari akainama nyuma ya lori, akanusa moshi, akacheka hata akasahau kuomba chochote.

Saa nane waliingia kwa Mzee Mugweri. Wazee walikuwa wamekaa mkekani, Orpah akashushwa kwa heshima, na desturi ilimtaka mposaji akae kimya na macho chini. Alfayo hakukaa. Alibaki ameinama ndani ya boneti na suti yake mwilini, injini ikinguruma, akiimiminia pampu dizeli safi aliyoiweka kando kwenye chupa. Mafuta ya pamba yakipoa ndani ya nozeli huganda na kuziziba, kwa hiyo lazima injini inywe dizeli tupu kwanza ndipo izimwe. Dakika zikapita. Wazee wakaanza kutazamana.

"Huyu ametuletea posa au gereji?" Mugweri alifoka. "Mwiteni karani!"

Alfayo alisikia, lakini mkono wake haukugusa swichi.

Hapo Nabalayo, ambaye hakupaswa hata kuchungulia, akatoka nje mbele ya watu wote.

"Baba, mwache amalize. Lori si lake, ni la kuazima, na bado hataki kuliacha na koo chafu. Mimi nitakuwa wake. Hebu fikiri atanitunza vipi."

Mugweri alimtazama binti, akalitazama lori. Alivuta pumzi ndefu, akasogea kwenye mkeka kumwachia Alfayo nafasi.

"Tutangoja," alisema.