Mkono Nyuma ya Sofa

Ukitaka kumjua Hamdia, usimtafute kwenye mikutano. Ni mwenyekiti wa kikundi chetu, lakini mkutanoni haongei sana, na akifungua mdomo ni kuuliza nani hajapata chai. Mtafute alasiri huku mtaani kwetu Bulla Pesa, jua likishapunguza makali, wakati wanawake wanatoa viti nje na kukaa mlangoni na binti zao, wanasukana, wanasengenya. Saa hiyo Hamdia yuko ndani. Huchungulia kidogo kupitia pazia, kisha akarudi kwa Siham.

Siham ni binti yake, ana miaka kumi na mmoja. Shingo yake haikukaza, mgongo haumshiki, na neno hajawahi kutamka, ingawa anasikia kila kitu na akifurahi hutoa mlio fulani kama wa njiwa. Maisha yake ni mkekani au mgongoni mwa mama yake, na mgongoni sasa ni shida, maana amerefuka hadi miguu inakaribia kuburura chini. Mimi nayajua hayo. Wangu, Gichunge, ni vivyo hivyo.

Mimi ni Kaari, nauza miraa karibu na soko. Ni Mmeru, Mkristo, na naambiwa mdomo wangu hauna breki. Hamdia ni Msomali ambaye babu yake aliletwa huku na jeshi la Mwingereza. Tulikutana kwenye benchi la hospitali, kila mmoja na mtoto wake mapajani, na tangu siku hiyo hatujaachana. Tukatafuta akina mama wengine wenye watoto kama wetu, tukaandikisha kikundi. Tulichotaka ni viti tu, vile maalum vyenye mikanda na kishikizo cha kichwa, vinavyopimwa kwa mwili wa mtoto. Seremala wa mtaa alijaribu kutengeneza kimoja. Siham aliteleza hadi chini kama nguo iliyotoka kambani.

Basi tukaanza kuomba wafadhili. Abdighani wa saiba, pale kwenye kompyuta za kulipia, alituandikia maombi kwa Kiingereza kirefu mpaka tukajiona watu wakubwa. Majibu yote yalisikitika. Sijui nani aliwafundisha watu wa mashirika kusikitika kiasi kile. Huyu anataka kikundi kikubwa, yule anataka kikundi cha vijana, mwingine kazi yake ni miti peke yake.

"Tungezaa miti," nilimwambia Hamdia, naye akacheka hadi akajifuta macho.

Siku moja nilimuuliza, kiti kikija atafanya nini kwanza. Hakuhitaji kufikiri.

"Nitamtoa nje," alisema. "Changu naweka hapa, chake hapa kando. Tunakunywa chai. Watu wakipita wanasalimia mama na binti."

Nilitamani hicho hicho kwa Gichunge, ila sikuwa nimewahi kukisema kwa sauti.

Halafu shirika moja la Nairobi likapiga simu kwamba litatuma watu waje kutuona. Nilimwonya Hamdia mapema.

"Mama Siham, acha nyumba vile iko. Hao wanakuja kuona shida, hawaji harusi."

"Mama Gichunge, mgeni aingie kwangu na nyumba hainuki udi? Amkute mtoto wangu chini? Wallahi siwezi."

Asubuhi ya wageni nilifika nikaduwaa. Zulia la Amino, jirani mwenye duka la vitambaa, lilikuwa limetandikwa ukuta hadi ukuta. Sofa lake jekundu lenye nakshi za dhahabu lilikuwa limebebwa na vijana likapitishwa mlangoni kwa shida. Kulikuwa na nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokaushwa ikalazwa kwenye samli, ambayo mtu hamtolei mgeni wa hivi hivi. Gichunge wangu, aliyelala hapo usiku huo, alikuwa amepakwa mafuta na kuvishwa kanzu ya mtoto wa Amino. Kanzu! Nilitaka kugomba, lakini alikuwa amependeza.

Na katikati ya sofa, akiwa na gauni la Idd na hina mikononi, alikuwa Siham. Mito ilimzunguka pande zote, mtandio umeshuka mabegani, na amekaa. Hamdia alikuwa amesimama nyuma yake. Mkono wake mmoja ulipita chini ya mtandio ukashika shingo ya mtoto, na hakuuondoa hata mara moja. Wageni walidhani amesimama kwa adabu.

Walikuwa mama mmoja wa miwani na kijana wa kamera. Walikula vizuri. Yule mama alimshika Siham mkono akamsalimia, na Siham akatoa ule mlio wake wa njiwa.

"Watoto wametunzwa sana," mama wa miwani akasema.

"Hivi vyote ni vya kuazima," nikaropoka.

Hamdia alinitolea macho. "Usimsikilize, huyu hupenda mzaha. Ongeza chai, mama."

Simu ilikuja baada ya majuma kadhaa. Walisikitika. Walisema kwetu waliona tunajiweza, kwa hiyo msaada umekwenda kwa kikundi chenye uhitaji zaidi. Niliacha miraa yangu wazi mezani nikaenda kwa Hamdia nikiwa nawaka.

"Umeona sasa? Viti vya watoto wetu vimeliwa na hiyo nyirinyiri yako!"

Alikuwa mkekani, kichwa cha Siham mapajani mwake. Aliniacha niseme yote mpaka nikaishiwa.

"Abaayo, ni kweli," akasema, maana akiwa na uchungu huniita dada kwa Kisomali. "Lakini niambie kitu. Ile siku nilikuwa nyuma. Yule mama alivyomsalimia, uso wa Siham ulikuwaje?"

Nilikuwa nimekuja na matusi, sasa sikujua niyapeleke wapi. Nilikaa mkekani nikamweleza. Nilimwambia macho yaliangaza, kidevu kikainuka chenyewe, akamtazama mgeni kama mwenye nyumba. Alitaka nirudie pale pa kidevu. Nikarudia. Tulilia wote wawili, na Siham katikati akitushangaa.

Tangu hapo, akipita na mama yake mlangoni kwa Amino, Siham hunyoosha mkono kuelekea lile sofa. Amino, kwa kumhurumia, akasema lichukuliwe moja kwa moja. Lakini sofa bila mkono wa kumshika shingo si kitu, na mtu hawezi kusimama nyuma ya sofa maisha yake yote.

Mwezi uliopita shirika lingine likatuma mwanamume mmoja. Safari hii sikubishana. Udi ulifukizwa, chai ya maziwa ya ngamia ikachemshwa, Siham akavishwa gauni lake la Idd ambalo sasa ni fupi, akakalishwa kwenye sofa la Amino. Jambo moja tu nilimkatalia.

"Leo nyuma nasimama mimi," nilimwambia Hamdia. "Wewe kaa hapo kando yake."

Nilimvua Siham mtandio, nikaiacha shingo wazi na mkono wangu juu yake, kila mtu auone. Mgeni akakaa, akapewa kikombe, akatutazama.

"Na wewe mama, mbona hukai?" akaniuliza.

"Nikikaa, huyu anaanguka," nikasema. "Kiti chake ni mimi."

Mwanamume yule aliweka kikombe chini, akaanza kuuliza kuhusu shingo na mgongo na kimo, maswali ambayo hakuna aliyewahi kutuuliza. Nilimjibu mimi. Mkono ulikuwa umeanza kufa ganzi, na hadi leo shirika lake halijatupa jibu. Hamdia hakumsikia hata neno. Alikuwa amekaa kando ya binti yake, chai inapoa mkononi, anamtazama usoni.