"Wa" katikati ya jina

Wakati wa Zaire nilikuwa sekretari wa shule ya sekondari Kalemie. Kila mwaka nilipiga kwa mashine ya kuandikia fishi, yaani kadi za kuandikishia, za wanafunzi wa mtihani wa mwisho, nikazituma Kinshasa, ambako kompyuta ilizipanga katika orodha. Kwenye safu ya jina sharti lilikuwa moja: majiskili tupu, yaani herufi kubwa.

Mwaka ule binti wa mvuvi mmoja alikuwa na "wa" katikati ya jina lake. Baba yake aliiandika kwa herufi ndogo, na mimi, kwa kuheshimu jina la ukoo, nikakiachia kitufe cha majiskili, nikapiga herufi mbili ndogo, nikakifunga tena. Nilijiona mwangalifu.

Fishi ilirudi baada ya miezi, imepigwa muhuri wa kukataliwa. Orodha ilikuwa imeshafungwa, na binti hangefanya mtihani.

Baba yake alikuja naye bironi, ofisini kwangu. "Mama sekretari, ile mashine haijue 'wa'?"

"Inajua ya majiskili tu, Papa."

"Basi ingeikuza yenyewe! Inashindwa na mutoto wa primeri?"

"Haikufundishwa kukuza, Papa. Ilifundishwa kukataa."

Binti aliomba kalamu. Juu ya "wa" yangu akaandika nyingine kubwa, taratibu, kisha akanirudishia fishi. Sikuwa na pa kuipeleka.

Mwaka uliofuata nilipiga jina lake lote kwa majiskili. Hakuja kutia sahihi kwenye fishi. Alikuwa ameshaolewa Moba.