Nilivyoiharibu Akogo ya Kiongozi Wetu

Bendi yetu ina watu watano na hakuna hata mmoja anayeishi kwa muziki. Kiongozi ni mkulima wa Merikit, mtu mzima wa Kiteso, analima mtama na mihogo, na ndiye aliyezitengeneza akogo zetu zote kwa mikono yake. Kuna mama anayeuza omena, dagaa wa ziwani, upande wa Kenya. Kuna bwana mmoja mrefu anayejaza karatasi za malori mpakani, na mpiga ngoma wetu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mimi ni mwanamke fundi wa kushona sare za shule, mzaliwa wa Buhehe. Tukikutana tunaongea Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ambayo sote tunaikosea bila mtu kumcheka mwenzake.

Akogo, kwa asiyeijua, ni kisanduku cha mbao kinachokaa viganjani, na juu yake zimepangwa ndimi za chuma unazobonyeza kwa vidole gumba. Kiongozi wetu huzifua kutoka kwenye vyuma vya miavuli iliyokufa. Ulimi mrefu una sauti nzito, mfupi una sauti nyembamba, na ukiusogeza ndani au nje kidogo tu, sauti inabadilika. Yangu ndiyo ndogo kuliko zote. Kazi yake ni kumjibu kiongozi.

Tunafanya mazoezi Jumamosi mchana kwenye baraza la mashine ya kusaga, Busia upande wa Uganda. Mwenye mashine ni Msabato, kwa hiyo siku hiyo mashine inanyamaza na yeye anakwenda kusali, nasi tunabaki na baraza lote na harufu ya unga. Mwalimu hupiga chafya mpaka saa tisa. Ndipo anapozoea na tunaanza.

Kabla ya kuanza tunabadilishana ala. Sheria ya kiongozi tangu siku ya kwanza ni kwamba hakuna anayelinganisha sauti za akogo yake mwenyewe. Alitueleza hivi: "Sikio yako inakupenda sana. Itakusamehea." Basi mama wa omena analinganisha yangu, bwana wa malori analinganisha ya mama, kiongozi analinganisha ile kubwa ya bwana wa malori, nami nalinganisha ya kiongozi. Nina nyundo ndogo ya kugongea ndimi, ambayo siku za kazi inanyoosha sindano za cherehani.

Zamani kiongozi alikuwa ananitesa. Nilikuwa namrudishia akogo, anabonyeza, anainamisha kichwa, ananirudishia. "Bado. Hii ya tatu inalia kama imefiwa." Nagonga tena. Mara nyingine tulirudishiana hivyo mara nne, huku wenzetu wakila karanga na kunicheka. Kisha, sijui ni lini hasa, akaacha. Akawa anaipokea, anabonyeza mara mbili tatu na kusema, "Imekubali."

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nikaanza kumchunguza. Ndivyo nilivyo, siwezi kuona koti zuri bila kutaka kuligeuza nione bitana imeshonwaje, na wateja wameshanigombeza kwa hilo. Nikaona kwamba ukimwita kutoka nyuma hageuki. Nikaona kwamba simu yake siku hizi inapokelewa na binti yake. Nikamuuliza mama wa omena kama ameona lolote, akaniambia niache kumtafuta mtu mzima makosa. Lakini sikuwa natafuta makosa. Nilitaka kujua tu, na kutaka kujua kukinishika kunaniwasha kama upupu.

Kwa hiyo Jumamosi moja niliilinganisha akogo yake vizuri, ndimi zote, halafu nikaurudia ule mfupi kabisa wa pembeni. Nikaugonga ukaingia ndani, si sana, lakini ukaacha sauti yake kabisa ukawa unapiga kelele. Mtu yeyote mwenye masikio angekunja uso. Nikampa. Hesabu yangu ilikuwa kwamba nitamtazama kwa wimbo mmoja, nipate jibu langu, halafu nijifanye nimekumbuka kitu, niichukue niirekebishe.

Alibonyeza mara mbili. Akasema, "Imekubali."

Mvua ikaja hapo hapo. Mvua ya kwetu haipigi hodi, na baraza lile lina mabati matupu, hata mwalimu akipiga ngoma kwa ngumi zote mbili hasikiki. Tulingoja, ikazidi. Kiongozi akaifunga akogo yake ndani ya gunia, akavaa mfuko wa nailoni kichwani, akaonyesha kwa mkono kwamba tutaonana juma lijalo. Akaondoka kuelekea Merikit na kosa langu mgongoni.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa harusi ya binti yake wa mwisho. Tulikuwa tumejiandaa kwa miezi. Bibi harusi akitoka nyumbani kwao kwenda kanisani, baba yake angetangulia na akogo peke yake, ubeti mzima, sisi tukiwa kimya, na sisi tungejiunga kwenye ubeti wa pili. Wakwe walikuwa wanatoka Iyolwa, Wapadhola, watu wanaojua muziki na wasioficha wakichoka. Na ulimi ule mfupi ndio unaofungua wimbo.

Sikulala vizuri siku sita. Nilishona sare ya darasa la nne mikono miwili ikawa ya kushoto. Kumpigia simu nilishindwa, maana ingepokelewa na bibi harusi mwenyewe, nami ningemwambia nini? Mwambie baba yako nimemtega? Niliandika ujumbe kwenye simu nikaufuta, nikaandika tena nikaufuta. Nilijichukia, na nasema hivyo bila kujipamba. Mzee wa watu alinikabidhi masikio yake, nami nikayafanyia mtihani.

Siku ya harusi nilifika Merikit kabla ya wenzangu, nyundo ikiwa kwenye mkoba. Kiongozi alikuwa ameshavaa suti, amekaa kati ya wakwe, na akogo iko mapajani. Nikapiga goti, nikasalimia wote, nikamwambia, "Papa, hebu nipe niiangalie kidogo."

Alinitazama usoni kwa muda. "Leo wacha ipumzike, mama," akasema. "Mwenyewe nitabeba."

Mkwe mmoja akacheka na kusema fundi ana wasiwasi kuliko bibi harusi. Nikainuka, nikaondoka.

Bibi harusi alipotoka mlangoni watu wakanyamaza. Kiongozi akasimama mbele yake. Mama wa omena alikuwa kando yangu na nilimshika mkono bila kujua, kwa sababu aliniuliza kama naumwa. Niliona kidole gumba cha kulia cha kiongozi kikielekea pembeni, kwenye ulimi ule, kisha kikapita juu yake bila kuugusa na kushuka kwenye ulimi mzito. Wimbo ukafunguka kutoka chini badala ya juu. Ulikuwa wimbo ule ule, lakini umevaa nguo nyingine, mzito zaidi na wa polepole, kama wimbo wa mtu anayetoa na huku anashikilia. Ubeti mzima hakuugusa ulimi ule mfupi. Mama mmoja wa Iyolwa akapiga kigelegele, na binti akaanza kulia, tukajiunga.

Mwalimu alininong'oneza, "Amebadilisha lini?" Kwa wimbo mzima nilikitazama kidole kile, na kila kilipofika pembeni kilipita juu. Akapiga hivyo mpaka kanisani.

Baada ya chakula nilimkuta ameketi nyuma ya jiko, amevua viatu vya harusi, anapumzisha miguu. Nilimpelekea sahani ya atap, ule ugali wa mtama na mihogo, pamoja na kuku. Niliketi chini, akogo yangu mapajani, na nikamweleza yote kama yalivyokuwa: nyundo, ulimi, mvua, siku sita. Niliongea nikitazama majivu, kwa sababu uso wake sikuuweza. Nilipomaliza alikuwa bado anaisugua miguu yake. Nikadhani amekasirika, na ilikuwa haki yake.

"Inua uso, mama," akasema. "Ukiangalia chini, mimi sioni maneno."

Hapo nikapata jibu nililokuwa nalitafuta, na sikulifurahia. Nikainua uso, machozi na yote, nikarudia tangu mwanzo, polepole. Alikuwa anaifuata midomo yangu kama mtu anayesoma barua.

"Hiyo nilijua siku ile ile," akasema. "Kidole iliona. Ile chuma iliingia ndani kama nafasi ya punje ya mtama. Nikasema, huyu fundi yangu hawezi kukosea hivi. Huyu anataka kujua kitu."

"Kwa nini hukuirekebisha? Hata kule nyumbani?"

"Mimi niliweka sheria. Hakuna mtu anatengeneza ya kwake." Akamega atap, akachovya, akala, akapangusa vidole. "Na nilikuwa nangoja uniulize. Siku sita nilingoja. Wewe mtu ya kuuliza kila kitu, hii moja tu ulishindwa?"

Nikamuuliza basi, kwa kuchelewa, kama kutosikia huku kumeanza sasa au ni kwa zamani.

Alisema sauti nzito bado anazipata, hata ngoma ya mwalimu anaisikia kifuani. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka. Ndege wa asubuhi kwanza, halafu simu, halafu wajukuu. Akanyoosha mkono akaichukua akogo yangu ndogo kutoka mapajani mwangu, akaibonyeza ulimi mmoja baada ya mwingine, bila haraka, huku ameweka kiganja cha pili chini ya kisanduku.

"Hii ya kwako," akasema, "tangu mwaka juzi mimi sijasikia."

Mwaka juzi. Jumamosi zote zile nilikuwa namjibu, naye alikuwa anajibiwa na vidole vyangu tu.

Akanirudishia. Akanitazama mdomoni, akingoja, kama mtu anayeulizia habari za ndugu aliye mbali.

"Bado inalia vizuri?"