Kiwele na Kifua

Kila asubuhi, kabla ya kukamua, mimi hupapasa kiwele cha ng'ombe wetu, chuchu moja baada ya nyingine, nikitafuta uvimbe. Mama mkwe alinifundisha wiki niliyoolewa hapa Nyamira. "Ng'ombe hasemi akiumwa," aliniambia. "Mpapase wewe."

Kwa miaka sita nilidungwa sindano ya kupanga uzazi kila baada ya miezi mitatu. Muuguzi wa kliniki alinipima uzani na presha, akanidunga, akaita mwingine. Nilipomuuliza kuhusu picha ya kupima uvimbe wa matiti iliyobandikwa ukutani, alisema foleni ni ndefu, nitajipima nyumbani. Kujipima vipi? Hakusema. Nikamuuliza mama mkwe, akakunja uso: mwanamke wa kanisa hajipapasi kifua. Nikatii, mjinga mimi. Hata titi lilipoanza kuwa gumu upande mmoja, nilijiambia ni hiyo sindano tu, itaisha.

Mwezi uliopita, daktari mjini Kisii aliniuliza kama sijawahi kujipapasa. Mama mkwe, aliyenisindikiza, akawahi kujibu: "Daktari, sisi tungejuaje?"

Nilimtazama. Ng'ombe wake hajaugua kiwele hata siku moja.