Kicheko cha Mama Machimboni

Sikutarajia kwamba harufu ndiyo ingeniangusha. Mwezi uliopita hoteli ninayofanyia kazi hapa Diani ilitutoa matembezi sisi watu wa ofisini. Badala ya kutupeleka kula kaa huko Shimoni kama ilivyo desturi, wakatupeleka kwenye kilabu ya kulenga shabaha, ndani huko nyuma ya Ukunda. Mwalimu wa hapo, kijana wa bara mwenye miwani ya manjano, alipanga bastola tatu juu ya meza akasema, "Madam, chagua ile unafeel. Usiogope, ni poa tu." Mwenzangu wa mapokezi akatangulia, akafyatua. Upepo ukanirudishia moshi wa baruti usoni, na mimi, rafiki yangu, mtu mzima mwenye watoto, nikajikuta nimechuchumaa mchangani, mikono masikioni, nikitafuta sufi.

Sufi, ndiyo, ile ya kujazia mito. Utotoni mwangu hatukuwa na vile vifuniko vya masikio wanavyovaa watu wa kilabu. Mama alikuwa akifumua pembe ya mto wa zamani, anatutolea vidonge vya sufi, tunaviloweka mate kidogo na kuvisokomeza masikioni. Hapo ndipo Jumapili zetu zilipokuwa zikianzia.

Shamba letu lilikuwa upande wa juu wa Munje, katika ardhi ya walowezi waliotoka bara. Baba alikuwa askari wa wanyama mstaafu. Alikuwa na bastola moja na leseni yake, na leseni ile aliitunza kuliko cheti cha ndoa. Nyuma ya shamba palikuwa na machimbo ya mawe ya matumbawe, yaliyoachwa zamani, shimo pana lenye kuta nyeupe na popo wachache. Kila Jumapili baada ya kanisa na baada ya muthokoi wa Mama, mahindi yaliyokobolewa na maharage, Baba alikuwa akishuka humo na mjomba wangu kwenda kulenga. Mjomba, mdogo wake Mama, alikuwa msimamizi wa hoteli huko Diani. Alikuja na pikipiki, viatu vinang'aa, na bastola yake mwenyewe ndani ya mkoba wa ngozi.

Kazi yangu ilikuwa kuchora shabaha. Nilikuwa nikichukua sahani ya bati ya Mama, naizungushia mkaa juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, kisha kikombe ndani ya sahani, kisha kizibo cha soda ndani ya kikombe. Karatasi zikiisha tulipanga vifuu vya nazi na makopo ya mafuta ya kupikia. Maganda ya risasi nilikuwa nayaokota yangali na moto. Ukilipuliza ganda mdomoni linapiga mluzi mwembamba unaowaudhi wazee. Nilikuwa na mkebe mzima.

Lakini utamu wenyewe haukuwa kulenga. Utamu ulikuwa ubishi. Baba alikuwa mtu wa rivolva, ile bastola ya zamani yenye matundu sita yanayozunguka. Mjomba alikuwa mtu wa bastola ya magazini, nyeusi, bapa, inayokula risasi nyingi kwa mpigo. Walibishana kama watu wa timu mbili za mpira.

"Hiyo yako ina maneno mengi," Baba alikuwa akisema. "Chembe moja ya mchanga ikiingia, imekwama. Hii yangu ikigoma unavuta tena, tundu jingine linakuja. Haina deni na mtu."

"Sita tu, shemeji! Zikiisha utafanya nini, uitupe kama jiwe?"

"Mtu anayehitaji zaidi ya sita kuliangusha kopo na aende akachokoe pweza."

Mimi nilikuwa upande wa Baba, kwa kuwa rivolva ilikuwa na mpini wa mti uliong'arishwa na kiganja chake, na kwa kuwa ilipofunguliwa ilitoa mlio mtamu, kama kufuli ya kabati. Sikuruhusiwa kuigusa. Baba alikuwa na msemo wake aliourudia kila tulipokuwa tukishuka shimoni: "Risasi ikishatoka haisikii pole." Alichomeka kitambaa chekundu juu ya mti upande wa shambani, majirani wakajua leo kuna mlio, hawakukaribia.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mama wa Kidigo ambaye ua wake na wetu ulikuwa mmoja, ua wa minyaa wenye mwanya katikati. Yeye na Mama waliitana shoga. Asubuhi alikuwa akipiga salamu kabla jogoo hajamaliza kuwika, "Shoga, umeamkaje? Watoto hawajambo? Baba watoto je?" na Mama, aliyetoka kwao kwenye watu wa salamu fupi, alijifunza kuzijibu zote bila kuruka hata moja. Mahamri yalikuja kwetu kupitia ule mwanya, na muthokoi ukaenda kwao. Sahani haikuvuka tupu. Mimi huyo mama nilikuwa nikimpa shikamoo na yeye ananiitikia huku kanishika kichwa, kama anayenipima urefu.

Mama hakuupenda mchezo wa shimoni. Alituletea chai, akaketi mbali akichambua mchele, sufi masikioni, uso umekunjwa. Mpaka Jumapili moja Mjomba akamchokoza.

"Dada, umelala na askari miaka yote hii, na hata kushika hujashika. Si aibu?"

Sote tulidhani atamtukana. Mama akaweka ungo chini, akafuta mikono kwenye leso, akaja. Akaishika rivolva, akaipima, akairudisha. Akaichukua ya Mjomba.

"Hii," akasema. "Inakaa mkononi kama mwiko."

Baba alitazama kando. Nadhani aliumia kidogo. Kisha akamwonyesha namna ya kusimama, akamwekea mikono vizuri, akarudi nyuma. Mama akafumba jicho lisilo la kulengea, akafyatua, na kopo la katikati likaruka hewani kama limeumwa na siafu.

Hapo ndipo nilipopata mshangao wa kwanza wa siku ile. Mama akacheka. Si kile kicheko cha adabu tulichokizoea. Kilianza tumboni, kikapanda, kikagonga zile kuta nyeupe kikarudi, akaendelea kucheka mpaka akalazimika kushika goti. Sikujua kwamba mama yangu alikuwa na sauti kubwa hivyo. Popo walitoka.

Wanaume badala ya kumpongeza wakaanza ubishi wao. Mjomba akasema ni bastola hiyo, hata kipofu angepata. Baba akasema ni mkono wa mke wake, apewe rivolva muone. Wakabishana muda mrefu, chai ikapoa, mimi nikaenda kusimamisha kopo jingine, nikarudi. Mama alikuwa bado anajipangusa machozi ya kicheko. Hatimaye akasema, "Niacheni nipige tena mnyamaze," akafyatua.

Haikupata kopo. Iligonga ukuta mahali penye jiwe gumu. Tulisikia mlio mrefu, mwembamba, unapanda juu yetu kama mbu mkubwa. Halafu kitu kikasema *pu*, kule juu ukingoni.

Baba ndiye aliyeelewa kwanza. Nilimwona rangi ikimtoka usoni.

Akatokea kwenye njia ya kushukia shimoni. Jirani yetu. Dumu la maji la manjano kichwani, mikono miwili imelishika, na dumu lina matundu mawili, moja huku moja kule. Maji yalikuwa yakitoka pande zote mbili, yanamshuka kwenye paji la uso, machoni, kwenye leso, na yeye hapangusi. Alikuwa akitembea polepole sana, kama anayeogopa kuyamwaga.

"Hodi," akasema.

Hakuna aliyeitikia. Hebu fikiria: mtu amepigiwa risasi juu ya utosi, na bado anabisha hodi kwenye shimo la mawe.

"Hodi wenyewe. Nani aliyepiga?"

"Ni mimi," Baba akajibu upesi. "Jirani, ni mimi, nisamehe."

"Si yeye," Mama akasema. Bastola ilikuwa imeshachukuliwa mkononi mwake, lakini mkono ulikuwa ungali umenyooka. "Ni mimi, shoga."

Jirani alimtazama kupitia maji. "Wewe?"

Neno hilo moja tu. Akageuka, akaondoka na dumu lake vilevile kichwani, likaendelea kumvujia hadi alipotokomea.

Jioni ile Baba na Mjomba walikwenda kwa mumewe kuomba radhi. Mzee yule aliwapokea kwa heshima, akasema mambo ya Mungu ni mengi, alhamdulillahi mkewe yu hai, yamekwisha. Kesho yake Baba alivaa suti ya kanisani, akaenda kituo cha polisi kuisalimisha rivolva, akarudi kwa miguu. Mjomba akaacha kuja Jumapili. Lakini jirani mwenyewe hakutoka nje. Asubuhi hapakuwa na salamu. Jogoo alimaliza peke yake.

Mama akaanza kumchotea maji. Kila alfajiri alijaza ndoo kisimani, akapita kwenye mwanya, akaitua mlangoni pa jiko, akabisha hodi, hakuitikiwa, akarudi. Ndoo tuliikuta baadaye uani kwetu, tupu, imeoshwa. Mama alikonda. Aliacha kuimba kwaya. Usiku nilimsikia akimwambia Baba kwamba afadhali angemtukana.

Asubuhi moja nilikuwa nimefuatana naye, tukamkuta jirani ameketi kibarazani, mahamri yamefunikwa kwa kawa, kama aliyetungoja.

"Karibu," akasema.

Mama akatua ndoo, akapiga magoti. "Shoga, nisamehe."

"Inuka. Nilikusamehe siku ile ile. Kusamehe si kazi."

"Basi mbona hunisemeshi?"

Jirani akawa anaipangusa kawa isiyokuwa na vumbi. "Kwa sababu nina neno, na sikujua nikwambie au nife nalo. Nyumbani kulikuwa na maulidi, maji yameniishia, nikaenda kisimani. Njia yangu haipiti machimboni, shoga, wewe unaijua. Nilikuwa kule chini kwenye mikorosho, kitambaa chenu hakionekani huko. Nikasikia mtu anacheka. Nikajua ni wewe, lakini tangu nikujue sijakusikia ukicheka vile. Nikasema, leo shoga yangu ana furaha, ngoja nipande nikamwone."

Mama aliacha kupiga magoti. Alikaa chini kabisa, kwenye udongo, na jirani akashuka kibarazani akakaa karibu naye, mabega yakigusana. Mimi nikapewa hamri, nikalishika tu mkononi hadi likapoa.

Urafiki ulirudi, salamu zikarudi, sahani zikavuka. Jirani alikuja kufariki baada ya miaka mingi, kwa maradhi ya kawaida, na Mama ndiye aliyekaa na binti zake siku zote za matanga. Lakini tangu asubuhi ile Mama akicheka hufunika mdomo kwa mkono. Yu mzee sasa, na bado hufunika. Wajukuu hudhani ni aibu ya meno.

Machimbo yamefukiwa, juu yake pamejengwa nyumba za kupangisha wageni. Ua wa minyaa uling'olewa, pakawekwa ukuta wenye vigae vya chupa. Baba tulimzika bara, kwao. Mjomba hazungumzii silaha.

Pale kilabuni sikufyatua. Nilinywa maji, nikakaa kivulini, nikawatazama wenzangu wakifurahi, na kwa kweli mambo yao ni mazuri: kuna kanuni ubaoni, kuna bendera, kuna tuta la udongo refu kuliko nyumba. Wakati wa kuondoka nilimfuata yule kijana, nikamwuliza nyuma ya lile tuta anaishi nani.

Aligeuka kulitazama, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

"Huko? Sijui, madam," akasema. "Ni watu tu."