Shingo ya Mama Mdogo Tanzila

Pikipiki ya Baba Mdogo haikuwa na vioo. Siku ile ile iliyonunuliwa, kabla haijaingia uani, mdogo wake Akmal alivifungua akavirusha juu ya paa la zizi, akasema vioo ni vya wauza maziwa. Miaka sita baadaye, Baba Mdogo yuko Maskati kwenye ujenzi, mkewe akapanda ngazi kwenda kuvitafuta. Akakuta njiwa wamevigeuza choo. Kimoja kimepasuka, kingine hakina mguu.

"Basi tutatumia shingo," akaniambia.

Mama Mdogo Tanzila alikuwa mtoa chanjo, wa kutembea. Shali la rangi ya majivu, sanduku la barafu begani, nyumba hadi nyumba, anawadondoshea watoto matone mdomoni kisha anawapaka wino kidoleni. Kazi ya vibarua, siku za kampeni tu. Mwaka huu ofisi ikatangaza nafasi moja ya kudumu, ya vijiji vya mfereji wa pili, ambako kwa miguu hufiki. Anayeitaka awe na leseni ya pikipiki kabla ya mwezi ujao kwisha. Msimamizi alimwambia mbele ya wenzake kwamba jina lake ndilo la kwanza. Siku hiyo alirudi nyumbani akiimba, na yeye si mtu wa kuimba.

Babu, yaani baba mkwe wake, hakukataa. Alitaka tu ajifunzie barabara ya mfereji, asubuhi, na mimi nikae nyuma asionekane peke yake. Mimi shule niliachia darasa la tano, nipo tu nyumbani, kwa hiyo nikawa mzigo wa pikipiki.

Alijifunza kwa kijitabu alichoazima. Ukitaka kukata kulia: washa indiketa, tazama nyuma juu ya bega, ndipo ukate. Alikuwa akiyakariri hata akikanda unga. Indiketa ilimsumbua mwanzoni, maana ile haizimiki yenyewe. Siku moja tulifika nyumbani nayo bado inapepesa, na mke wa muuza vitunguu akamwuliza kama anaumwa jicho. Tulicheka mpaka tukashika ukuta.

Wiki ya pili, kwenye daraja, akawasha ya kulia, akageuza shingo kama kijitabu kinavyosema. Nyuma yetu walikuwa vijana wawili kwenye pikipiki moja. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Umeona? Katuchagua." Wakatufuata. Walitufuata mpaka langoni kwetu wakipiga miluzi, na yule wa nyuma akawa anauliza, "Shemeji, mbona huangalii tena?"

Babu alikuwa amekaa langoni juu ya kitanda cha kamba. Hakupaza sauti. Alingoja vijana watokomee njiani, akasema kama mtu anayeagiza chumvi:

"Pikipiki endesha, binti yangu. Lakini shingo isigeuke. Mwanamke akigeuka barabarani, amemwita aliye nyuma."

"Na lori likija, baba?"

"Lori lina honi."

Akasema akisikia tena kwamba amegeuka, pikipiki inauzwa. Babu akisema hivyo huuza. Ng'ombe wa mama yangu aliuzwa hivyo.

Kesho yake, tulipofika mferejini, Mama Mdogo akazima injini. Kisha akaniambia kwamba watu husema mume ni kichwa na mke ni shingo. Yeye hata hiyo shingo amenyang'anywa, sasa itabidi aazime yangu. Tukapatana. Akiwasha indiketa, mimi nageuka. Mtoto akigeuka si neno. Njia ikiwa nyeupe nampiga kidole begani. Kama kuna kitu, namfinya.

Ikaenda vizuri mno. Mwezi mzima hatukukwaruza hata matope. Indiketa, kidole, tumekata. Nilijiona mtu wa maana, siwezi kusema uongo.

Siku ya mtihani, uwanja nyuma ya kituo cha polisi ulikuwa umepangwa matofali yaliyopakwa chokaa. Wanaume wamejaa ukutani wanatafuna dengu za kukaanga. Wanawake watahiniwa walikuwa wawili, na yule mwingine alikuja na dereva wa baba yake. Babu naye alikuja. Akakaa kwenye benchi la muuza chai, karibu kabisa na kona ya kulia, mikono juu ya fimbo.

Mimi nikaambiwa nisimame pembeni. Ndipo nikaelewa. Mwezi mzima hatukuwahi kuliwaza hilo, kwamba siku hiyo atapanda peke yake.

Akaondoka vizuri. Akazunguka umbo la nane, hakugusa tofali. Akaja kona ya kulia, akawasha indiketa, na hapo nikamwona anapunguza, bega la kulia limeinuka kidogo. Alikuwa anangoja kidole changu. Kidole hakikuja. Akakata hivyo hivyo.

Ofisa akampigia filimbi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na mvi, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Dada, umewasha taa, vizuri. Lakini hukutazama. Pikipiki haina vioo, shingo ndiyo kioo chako. Rudia ile kona. Mara moja tu geuza, nikuone, nikuandikie."

Mama Mdogo alitazama kona. Kisha akamtazama Babu. Babu hakufanya kitu. Alikunywa chai.

Akazunguka tena. Indiketa ikawaka. Nilikuwa natazama ukingo wa shali lake shingoni, nikauona ukitetemeka, nikasema moyoni sasa, sasa. Shingo haikwenda. Akapita kona akitazama mbele kama sanamu.

Ofisa akamwambia arudi baada ya siku arobaini na mbili. Mwezi ulikuwa umebakiza tisa.

Njiani Babu alimnunulia jalebi, vitamutamu vya shira, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mkwe yeyote. Akamwambia, "Leo umenipa heshima mbele za watu." Mama Mdogo akapokea kifurushi kwa mikono miwili, akanipa mimi. Sikula.

Nafasi alipewa Akmal, yule yule aliyevirusha vioo. Leseni anayo ya zamani. Indiketa zake zimevunjika zote, na kwenye kona ya msikiti hukata kulia bila kuwasha wala kutazama, wazee wanaruka mtaroni. Hakuna aliyemwuliza.

Ila vijijini kule mwanamume haingii uani kwa wanawake wa watu, na watoto wako uani. Akasimama malangoni siku tatu, sanduku limejaa. Ikabidi ampakie Mama Mdogo nyuma, kama kibarua. Huketi upande, miguu yote kushoto, sanduku mapajani. Matone anatia yeye, wino anapaka yeye, daftari anatia sahihi Akmal.

Asubuhi hupita hapa langoni, Babu yupo kitandani pake. Wakikaribia kona, Akmal hupiga kelele bila kugeuka, "Shemeji, nyuma kuna nini?"

Na Mama Mdogo hugeuza shingo yote, mbele ya Babu, akatazama barabara mpaka mwisho, akajibu kwamba hakuna kitu, kata.

Babu hasemi neno. Abiria akigeuka si kosa.